Mwenye bohari na picha za watu

Mhadhara kwa wapiga picha na wenye tovuti, Mombasa

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Sote humu tumekulia karibu na bandari, kwa hiyo nitaanza na bohari. Mwenye bohari kule Shimanzi hupokea magunia ya watu, akayapanga, akalipwa kodi yake. Hajui ndani ya kila gunia mna nini, na hakuna anayemlazimisha afungue moja moja. Lakini siku atakapojiwa na mtu mwenye ushahidi, akaambiwa, "Lile la pembeni ni langu, nimeibiwa," kutojua kwake kumekwisha saa ile ile. Akiliacha pale pale, naye ameingia katika wizi ule.

Ndivyo sheria yetu inavyomtazama mwenye tovuti ambayo watu wengine hupakia picha. Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 2001, na kwa miaka mingi haikumgusa mtu huyu waziwazi. Marekebisho ya 2019 ndiyo yaliyoleta kifungu cha 35A na ndugu zake. Mwenye kuhifadhi hawajibiki kwa picha iliyopakiwa na mtumiaji maadamu hajui kwamba imevunja haki ya mtu, wala hakuna dalili za wazi alizozifumbia macho, na akipewa notisi ya kuiondoa aiondoe kwa wakati. Wakati huo ni saa 48 za kazi, isipokuwa aliyepakia alete notisi ya kupinga. Asipoondoa, hasara yote inamwangukia yeye.

Sasa hiyo notisi. Kijana mmoja alinijia ofisini kwa uchungu mkubwa. Picha yake ya jahazi likiingia Bandari ya Kale, aliyoiamkia alfajiri siku tatu mfululizo mpaka mwanga ukakubali, ameikuta kwenye tovuti ya watu, jina lake limekatwa. Nikamuuliza, umewaandikia? Akasema ndiyo. Nikasoma alichowaandikia: matusi matupu, kurasa mbili. Hasira yake naielewa, na haki ilikuwa yake tangu alipobonyeza kamera, kwa sababu hakimiliki haingoji usajili. Lakini barua ile haikuihesabisha tovuti hata saa moja. Notisi huandikwa na kutiwa saini, ikaeleza wewe ni nani, picha ni ipi na iko ukurasa gani, ikaambatana na hati ya kiapo au tamko kwamba haki ni yako. Tukaiandika upya siku ile.

Na asiwepo wa kuitumia notisi kama fimbo ya kumpigia mshindani wake wa biashara. Kutoa notisi ya uongo ni jinai. Faini inaweza kufika shilingi 500,000, na kifungo kipo.

Linalonikosesha usingizi zaidi ni picha za kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumpamba bibi harusi. Mnajua hali ilivyo: ukumbi ni wa wanawake, mabuibui yamevuliwa, simu zimekusanywa mlangoni, na mpiga picha ni mwanamke aliyeaminiwa na familia. Wiki mbili baadaye picha ya bibi harusi iko mtandaoni, imepakiwa kama tangazo la kazi. Mpiga picha anasema, kamera yangu, picha yangu. La. Kifungu cha 31 kinasema kazi iliyoagizwa, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, ila kama mlikubaliana vingine. Kwa hiyo familia inaweza kuitolea notisi tovuti ile kama mwenye mali.

Lakini angalieni: ni aliyeagiza, si aliye ndani ya picha. Mara nyingi anayeagiza ni baba au kaka, na bibi harusi mwenyewe hana karatasi. Mama zangu, mkataba uandikwe kwa jina la binti. Na mgeni aliyenaswa akicheza chakacha nyuma yake? Huyo hakimiliki haimsaidii. Njia yake ni faragha, yaani Ibara ya 31 ya Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Nambari zimegongana tu, msizichanganye.

Nirudi kwa mwenye bohari, maana wengi wenu humu ndio hao. Kinga ni ya anayehifadhi. Je, akianza kufungua magunia, akachagua mazuri, akayapanga dirishani? Marekani wana sheria ya namna hii tangu 1998, na huko kampuni ya picha ya Mavrix iliishtaki tovuti ya LiveJournal. Picha za watu mashuhuri zililetwa na watumiaji, lakini wasimamizi ndio waliozipitia na kuamua zipi zitoke. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikataa kuipa LiveJournal kinga hivi hivi. Ikarudisha kesi ichunguzwe kama wasimamizi wale walikuwa mawakala wake. Uamuzi huo hauzibani mahakama zetu, ila mimi nauona una mantiki. Kwa hiyo wewe mwenye ukurasa wa "picha bora ya wiki", unayeichagua kwa mkono wako na kubandika tangazo la hoteli kando yake, usitegemee kusema hukuiona. Muulize aliyeileta kama ni yake, na jibu lake ulihifadhi.

Kuandika "picha kutoka mtandaoni" chini yake hakukusaidii chochote.

Wekeni anwani moja ya malalamiko mahali panapoonekana, na mtu wa kuisoma kila siku, hata siku ya Idi. Kijana wangu wa jahazi alitafuta anwani kama hiyo muda mrefu asiipate.

Nimechapisha mifano ya notisi, iko juu ya meza pale mlangoni. Aliye na picha yake inayotumika sehemu asiyoiruhusu, aje na simu yake sasa hivi, tukae tuiandike.