Kumsaka Babu Aliyetoka Ireland: Tafuta Kwanza Parokia

Karibu, mtazamaji. Leo tunamfuatilia mtu aliyehama Ireland kwenda Marekani katika karne ya 19, wakati wa njaa kuu ya 1845 hadi 1852 au baada yake. Andaa daftari na kalamu, kisha ufungue akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ambayo ni bure. Kwa mfano wetu tumwite Patrick Sullivan. Jina hili tumelichagua kwa makusudi. Katika kaunti za Cork na Kerry akina Patrick Sullivan wamejaa tele, na ukiingia huko na jina tupu utarudi na babu wa watu wengine.

Kwa hiyo rekodi za Ireland usiziguse kwanza. Unahitaji vitu vitatu: parokia au kitongoji alikotoka, majina ya wazazi wake, na mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria. Vyote vitafute kule alikofia.

Hatua ya kwanza: anzia kifo. Tafuta cheti cha kifo, tanzia gazetini na jiwe la kaburi. Kwenye cheti, tazama kwanza nani alitoa taarifa. Mara nyingi ni mtoto aliyezaliwa Marekani, ambaye babu na bibi zake hakuwaona hata siku moja, hivyo majina ya wazazi wa marehemu yachukue kama fununu mpaka upate ushahidi wa pili. Kaburini nenda mwenyewe au omba picha. Waairishi wengi walichongewa kaunti na hata parokia ya asili kwenye jiwe, jambo ambalo cheti hakisemi.

Hatua ya pili: sensa za Marekani. Anza na ya mwisho aliyoandikwa, rudi nyuma miaka 10 kila mara. Ya 1900 ndiyo yenye utajiri: mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuingia nchini, miaka ya ndoa, watoto ambao mama amezaa na wangapi wako hai. Ya 1890 karibu yote ilipotea kwa moto wa 1921, kwa hiyo pengo la 1880 hadi 1900 lizibe kwa vitabu vya anwani vya mji. Umri usikutishe. Mtu anaweza kuongezeka miaka saba tu ndani ya miaka kumi. Acha nafasi ya miaka mitano kila upande.

Sensa hizi kwa kawaida zitakuambia "Ireland" na kuishia hapo. Faida yake kubwa ni majirani: nakili kaya tano za juu na tano za chini yake. Utazihitaji.

Hatua ya tatu, na hapa usiharakishe: kupata parokia.

Fungua karatasi za uraia. Kabla ya tarehe 27 Septemba 1906 mtu aliweza kuombea uraia katika mahakama nyingi za ngazi tofauti, kwa hiyo usiishie mahakama moja. Na nyingi ya karatasi hizo hutaja nchi tu. Baada ya tarehe hiyo fomu ikawa moja, inayouliza mahali na siku ya kuzaliwa. Mke usimtafutie faili lake: kati ya 1855 na 1922 mwanamke kwa kawaida alipata uraia kupitia mume.

Kisha ingia kanisani. Vitabu vya ndoa na ubatizo vya Kikatoliki huwa na mashahidi na wasimamizi wa ubatizo, na baadhi ya mapadri waliandika parokia ya nyumbani. Kama aliishi New York, pekua vitabu vya Emigrant Savings Bank, iliyoanza 1850. Benki iliwauliza wateja asili yao, wazazi na ndugu ili kuwatambua, na vitabu hivyo viko New York Public Library. Gazeti la Pilot la Boston nalo lilichapisha matangazo ya kutafuta ndugu waliopotezana, kuanzia 1831 hadi 1921. Mengi yanataja parokia, mengine hata kitongoji.

Patrick akiwa bubu kote huko, mwache. Mfuate kaka yake, dada yake, shahidi wa ndoa yake, na wale majirani uliowanakili. Watu wa parokia moja walihama kwa kuvutana, aliyetangulia akimtumia nauli anayefuata. Watafiti wengi hukwama kwa sababu wanamng'ang'ania mtu mmoja.

Orodha ya meli iache mwishoni. Zile za miaka ya 1850 hutoa jina, umri, kazi na nchi, basi. Wala usiamini kwamba jina lilibadilishwa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji New York: kituo hicho kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na makarani walihakiki majina yaliyokwisha kuandikwa kwenye orodha ya meli. Tafuta Sullivan na O'Sullivan pia, maana hiyo O iliachwa na kurudishwa na familia zenyewe.

Hatua ya nne: sasa vuka bahari. Tarehe 30 Juni 1922 hifadhi ya nyaraka iliyokuwa Four Courts, Dublin, iliteketea, na sensa za 1821 hadi 1851 zikaungua karibu zote. Za 1861 hadi 1891 serikali ilikwisha kuziharibu yenyewe. Ndiyo maana sensa kamili ya zamani zaidi iliyobaki ni ya 1901, kisha 1911, zote bure kwenye tovuti ya National Archives of Ireland. Humo mtafute ndugu aliyebaki nyumbani.

Vizazi vya wote vilianza kusajiliwa 1 Januari 1864. Picha ziko bure irishgenealogy.ie. Ukikuta mtoto amebatizwa kabla ya "kuzaliwa", mzazi alichelewa kusajili akasogeza tarehe kukwepa faini. Amini ubatizo.

Patrick wa kabla ya 1864 yuko kwenye vitabu vya parokia, tovuti ya National Library of Ireland, hadi takriban 1880. Vingi ni Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Bridget anaweza kuwa Delia au Biddy. Honora ni Nora au Hannah. Baada ya hapo linganisha na Griffith's Valuation, orodha ya tathmini ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, ya 1847 hadi 1864, inayotaja mkuu wa kaya na kitongoji chake. Angalizo: Griffith inatumia parokia za kiserikali, ambazo mipaka yake hailingani na ya Kikatoliki. Weka ramani mbili mezani.

Ukimpata Patrick mwenye wazazi sahihi, usifunge kitabu. Soma miaka kumi mbele. Mtoto akifa, aliyezaliwa baadaye mara nyingi alipewa jina lilelile, na huyo wa pili ndiye anayeweza kuwa aliyepanda meli.