Kitalu cha Januari: mazungumzo na wenye bustani wa Minneapolis, Marekani

Hamjambo, na asanteni kwa kutoka ndani na baridi hii. Najua wapo waliocheka waliposikia tunaitana kuongelea mchicha huku theluji imefika magotini. Cheka tu, ila Minneapolis ukisubiri joto ndipo ufikirie bustani, umeshachelewa.

Huku tunahesabu kwa kurudi nyuma. Jalidi ya mwisho, yaani ile baridi ya usiku inayogandisha mimea, kwa kawaida hutuachia nafasi kuelekea katikati ya Mei. Basi weka alama tarehe 15 Mei kwenye kalenda, kisha rudi nyuma wiki kwa wiki. Pilipili na nyanya chungu zinataka wiki 8 hadi 10 ndani ya nyumba, yaani unasia Machi mapema. Nyanya wiki 6 hadi 8. Ukisia nyanya leo kwa haraka zako, Aprili zitakuwa ndefu, dhaifu, na huna pa kuzipeleka.

Kinachotangulia vyote ni kitunguu, Februari mwanzoni, na hapa naomba tukae kidogo. Kule nyumbani wengi tumezoea aina za Red Creole au Bombay Red. Hizo hufunga kichwa urefu wa mchana ukifika kama saa 12, ndiyo maana zinaelewana na ikweta. Huku tuko karibu na latitudo 45 kaskazini, mbali na ikweta. Mwezi Juni urefu wa mchana unapita saa 15. Mche ungali mdogo unakuta mchana umeshakuwa mrefu, basi unafunga kichwa kabla haujapata majani ya kukilisha, nawe unavuna vitunguu kama golola. Tafuta pakiti iliyoandikwa kuwa ni ya mchana mrefu. Ukimtumia shangazi hiyo hiyo Nairobi, atapata majani matupu.

Kazi ya wiki hii ni kupima mbegu ulizo nazo. Mbegu ya kitunguu huisha nguvu baada ya mwaka mmoja hivi. Ya nyanya huweza kukaa minne. Chukua mbegu 10, zipange kwenye tishu iliyoloa bila kuchuruzika, kunja, tia kwenye mfuko wa nailoni, andika jina na tarehe, weka juu ya friji penye joto. Baada ya wiki fungua. Pilipili ni mvivu, mpe wiki mbili au zaidi. Zikiota 8, uko salama. Zikiota 3, nunua nyingine. Na za kutoka nyumbani msizifiche kwenye sanduku: mbegu za kupanda zina masharti na vyeti vyake, na uwanja wa ndege lazima uzitaje.

Dirisha peke yake halitoshi. Miche itarefuka ikifukuzia mwanga hadi ianguke. Taa ya LED ya kawaida inafaa, ikae sentimita chache juu ya majani, iwake kwa muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku, usiku izimwe. Maji yatie kwenye trei chini ya vyungu, udongo unywe wenyewe. Ukimwaga juu kila siku unakaribisha kinyausi, ugonjwa wa miche michanga, na asubuhi unakuta miche imelala, imekatika pale shina linapogusana na udongo.

Mchicha, au lenga-lenga kwa ndugu zangu wa Kongo, hauhitaji kitalu. Unataka udongo wenye joto, kwa hiyo mwisho wa Mei au Juni unausia moja kwa moja nje. Sukuma wiki ni shupavu, miche yake inaweza kutoka Aprili mwishoni, mradi umeizoesha nje kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Naona mama kule nyuma ananyoosha mkono... Kisamvu? Hapana, mama. Muhogo unataka miezi ya joto ambayo hatuna. Kisamvu tutaendelea kukinunua kilichogandishwa.

Haya, tishu na mifuko iko pale mezani. Aliyekuja na mbegu zake ahesabu 10 tuanze. Kalamu ya kuandikia mifuko ninayo mimi.