Ndoo ya Shabani

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni habari ya kuomba maoni kuhusu miksi, yaani ule mchanganyiko wa sauti zote za wimbo, uliyoipikia chumbani. Nina pointi nne kwenye daftari, nimezipigia na mistari. Ila Shabani kaja kanuna.

SHABANI: Sijanuna. Nimefedheheka.

NEEMA: Haya, mwaga.

SHABANI: Unaujua ule wimbo wangu...

NEEMA: Ule wa tangu mwaka jana.

SHABANI: Usianze. Jumanne nimeumaliza. Nikamtumia yule jamaa yangu fundi wa sauti. Kajibu mstari mmoja: "Mwimbaji yuko ndani ya ndoo."

NEEMA: (anacheka) Ndoo ina maji au tupu?

SHABANI: Nilimuuliza hivyo hivyo! Mpaka leo kimya. Basi nikarudi kwenye mradi, nikasema labda sauti nimeibana mno. Nikafungua kompresa, ile plagini, programu ndogo ya kubana sauti, nikashika nobu, kile kitufe cha kuzungusha. Uwiano nne kwa moja, nikashuka tatu kwa moja, nikaichelewesha kidogo isikabe mwanzo wa maneno. Na Neema, nasikia! Sauti inasogea mbele, inapumua. Nimefumba macho kabisa. Dakika arobaini.

NEEMA: Halafu?

SHABANI: Plagini ilikuwa imezimwa.

NEEMA: Mungu wangu.

SHABANI: Kale ka-taa kake kadogo kwenye kona. Hakawaki.

NEEMA: Kwa hiyo dakika arobaini unazungusha picha ya nobu.

SHABANI: Picha nzuri lakini. Ina hadi vivuli.

NEEMA: Na ikapumua!

SHABANI: Ikapumua, dada. Naapa.

NEEMA: Sasa ndoo yenyewe ilikuwa wapi?

SHABANI: Kwenye mwangwi. Niliuachia mzima mzima, ukajazana kwenye sauti nzito za hezi 300 hivi, palepale penye kifua cha mwimbaji. Nikaweka ikwalaiza, ile ya kupunguza na kuongeza sauti nzito au kali, kwenye njia ya mwangwi peke yake, nikakata kila kilicho chini ya 400...

NEEMA: Ulihakikisha imewashwa?

SHABANI: Mara tatu. Mwimbaji katoka ndooni. Ndiyo maana nasema, ukituma miksi usiandike neno hata moja. Ningemwambia fundi "sikiliza besi," angesikia besi. Sikio ni jepesi kudanganyika. Mimi nimedanganywa na mchoro.

NEEMA: Hapo nakataa. Huyo wako ni fundi. Mtu wa kawaida ukimtumia kimyakimya anakurudishia "kali sana" na vimoto vitatu. Utafanyia nini vimoto? Mimi wiki iliyopita nilimwambia binamu yangu: andika maneno ya ubeti wa pili unavyoyasikia. Mimi nimeimba "nakutaka." Yeye kaandika "nakupaka."

SHABANI: Unampaka nini?

NEEMA: Ndiyo na mimi nikauliza! Kumbe gitaa limekalia kilohezi 2 mpaka 4, makali ya T yote yamefunikwa. Nikalipunguza gitaa sauti kwa desibeli mbili, T ikarudi. Hayo ni maoni, kaka.

SHABANI: Na besi alisemaje?

NEEMA: Sikumuuliza besi.

SHABANI: Si ndiyo ninachosema!

NEEMA: Ni ninachosema mimi pia. Niliuliza kimoja, nikapata kimoja.

SHABANI: Umepata ulichokwenda kukitafuta. Ndoo yangu mimi sikuitafuta, nilikuwa na wasiwasi na kiki, ile ngoma nzito ya chini.

NEEMA: Haya, wewe usiyeandika neno. Anasikiliza kwa sauti kubwa au ndogo?

SHABANI: Hilo lazima umwambie. Wanasayansi Fletcher na Munson walishalipima 1933: ukipunguza sauti, besi ndiyo inatangulia kupotea sikioni. Asikilize ya wastani, na kama unatuma matoleo mawili uyasawazishe ukubwa wa sauti. Moja likizidi hata desibeli moja, atalisifia hilo.

NEEMA: Kwa hiyo umeandika neno.

SHABANI: Hayo ni maelekezo ya kifaa, si ya sikio.

NEEMA: Shabani.

SHABANI: Kifaa!

NEEMA: Na kama ana simu tu? Spika ya simu besi ya hezi 50 haitoi kabisa. Atakwambia besi huna. Utamwelekeza kifaa gani?

SHABANI: Hayo nayo ni maoni. Watu wanasikiliza kwenye simu.

NEEMA: Jana ulilia hapa mtu kasikiliza kwenye simu.

SHABANI: Jana nilikuwa na machungu ya nobu.

NEEMA: Mimi sihami. Swali kwanza, miksi baadaye.

SHABANI: Na mimi sihami. Ukimya.

NEEMA: Jamani, zimebaki dakika mbili na daftari sijaligusa. Pointi ya kwanza: usimtumie mtu miksi usiku ule ule uliyoimali...

SHABANI: Subiri, subiri. Fundi kajibu.

NEEMA: Kuhusu ndoo?

SHABANI: Kaandika, "Ya plastiki."

NEEMA: Plastiki ni hezi ngapi?