Sanamu ya Tchaikovsky kwenye Stempu ya Kopeki 4

Mabibi na mabwana, wakusanyaji wenzangu, asanteni kwa kunipa nafasi jioni hii.

Stempu nyingi za watunzi wa muziki hutuonyesha uso tu: ndevu, koti, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Nataka tuitazame moja iliyopita njia nyingine. Mwaka 1966 Umoja wa Kisovieti ulitoa stempu tatu kuadhimisha Mashindano ya Tatu ya Kimataifa ya Tchaikovsky, mashindano ya wanamuziki yenye jina la mtunzi huyo wa Urusi, yaliyofanyika Moscow. Ya kopeki 6, yaani senti za Kisovieti, ina picha yake mtunzi. Ya kopeki 16 ina nyumba yake katika mji wa Klin. Ya kopeki 4 ina jengo la Konsavatori ya Moscow, chuo cha muziki, pamoja na sanamu ya Tchaikovsky iliyo mbele yake.

Kopeki 4 ndiyo iliyokuwa gharama ya barua ya kawaida ndani ya nchi. Kwa hiyo sanamu ile iliwafikia watu ambao huenda hawakuwahi kukanyaga Moscow, ikiwa juu ya bahasha ya mama anayemwandikia mwanawe. Ningepewa mimi kuamua, ningeiweka hapo hapo.

Tena mwaka wenyewe ulifaa. Konsavatori ilifunguliwa mwaka 1866, na Tchaikovsky, kijana wa miaka 26, alikuwa miongoni mwa walimu wake wa kwanza. Alifundisha hadi 1878. Picha moja ikambeba mwalimu na chuo chake kilichotimiza miaka 100.

Sanamu hiyo ni kazi ya mchongaji Vera Mukhina, yule yule aliyechonga mfanyakazi wa kiwandani na mkulima wa kike kwa Maonyesho ya Paris ya 1937. Wale wawili wanapiga hatua kubwa, mikono juu, nguo zinapepea. Tchaikovsky wake ameketi. Mikono imeinuka kidogo, kama ya mtu anayeupima wimbo ambao bado haujaandikwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake iliyo bora zaidi. Mukhina alifariki mwaka 1953 kabla haijakamilika. Wanafunzi wake wakaimalizia, na mwaka 1954 ikazinduliwa.

Kuizunguka kuna uzio wa shaba uliofanywa kama mistari ya kuandikia muziki, na juu yake noti za kazi zake sita, zikiwemo opera ya Onegin, baleti ya Ziwa la Mabatamaji na Simfonia ya Sita. Noti hizo zimekuwa zikiibwa mara kwa mara. Inasemekana wanafunzi huamini zinaleta bahati siku ya mtihani.

Kwenye stempu, noti hizo huwezi kuzisoma. Karatasi ni ndogo mno. Hilo linanisikitisha, maana bila noti anabaki mzee aliyeketi kwenye kiti.

Na noti kwenye stempu si pambo. Mwaka 1956 Ujerumani Mashariki ilitoa stempu mbili za mtunzi Schumann, miaka 100 tangu afariki. Nyuma ya uso wake walichapa ukurasa wa muziki. Muziki ule ulikuwa wa mtunzi mwingine, Schubert! Mwaka huo huo zikatolewa nyingine zenye muziki wa Schumann mwenyewe. Wengi wetu huzitafuta zote kwa sababu ya kosa. Mimi huzithamini kwa kuwa zinathibitisha jambo moja: wapo watu waliochukua kijikaratasi cha posta, wakasoma noti zake, wakatambua ni za nani.

Seti ya 1966 iko mezani, na lenzi iko pembeni yake. Itazameni kwa zamu, mshike kwa koleo tafadhali, si kwa vidole. Mkiwa mnaangalia nitawapigia mwanzo wa Simfonia ya Sita, mojawapo ya zile zilizo kwenye uzio. Tchaikovsky aliiongoza mwenyewe kwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1893, siku tisa kabla ya kufa.