Askofu, Gauni la Kulalia na Kandambili Jozi Mia Mbili

Habari za jioni, na wakubwa wote shikamooni. Sogeeni mbele, viti vya mbele haviumi mtu. Wale mlionisikia nikilisema hili kwenye harusi, kwenye matanga na mara moja kwenye kituo cha basi, niwieni radhi, ila mkumbuke ni ninyi mlionialika.

Tangazo linasema nitazungumzia habari, siasa na burudani kama Wairishi wanavyoziona. Mambo matatu. Kwangu mimi ni jambo moja, na tangu nifike Dublin sijachoka kulirudia. Watu wetu wanaamka asubuhi, wanafungua simu, wanasoma kilichoandikwa London kuhusu nchi wanayoishi wao, kisha jioni wananiambia: mwalimu, siasa za hapa baridi kama hali ya hewa yake. Fianna Fáil na Fine Gael, vyama vilivyozaliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, tangu 2020 vinakula sinia moja serikalini. Hakuna kelele, hakuna ladha.

Ladha ipo. Mnaitafuta kwenye chungu kingine. Siasa za Ireland zilihama zamani kutoka kwenye taarifa ya habari, zikaenda kukaa kwenye kipindi cha burudani, katikati ya mwimbaji na mchekeshaji. Ndiyo maana naanza na askofu. Najua, Bi Mwenyekiti ameshaanza kucheka, kaisikia mara nne. Ya tano haitamdhuru.

Televisheni ya taifa ilifunguliwa usiku wa mwisho wa mwaka 1961. Julai 1962 kikaanza kipindi kiitwacho The Late Late Show, kiongozi wake kijana mwenye suti safi na maneno laini, Gay Byrne. Kilikusudiwa kuwa cha kiangazi tu, kujaza nafasi. Byrne alikiongoza hadi 1999, na kipo mpaka leo. Muwe na picha: kituo kimoja tu cha taifa, kanisa limeshika shule na hospitali, dawa na vifaa vya kuzuia mimba ni marufuku tangu 1935, talaka imekatazwa na katiba ya 1937, na mwanamke mtumishi wa serikali akiolewa kazi yake imekwisha. Haya yote hakuna aliyeyajadili bungeni kwa sauti. Nani angethubutu?

Sasa Jumamosi, tarehe 12 Februari 1966. Byrne anachezesha mchezo wa wanandoa. Anamtenga mume na mke, anauliza kila mmoja maswali yaleyale, majibu yakilingana watu wanapiga makofi. Swali mojawapo: usiku wa kwanza wa fungate, gauni la kulalia la bibi harusi lilikuwa rangi gani? Mume anasema halikuwa na rangi, lilikuwa likionyesha. Analetwa mke, anaulizwa, anafikiri, anasema labda hakuvaa kitu. Ukumbi unaangua kicheko. Mke anajirekebisha, nafikiri lilikuwa jeupe. Basi. Wanaendelea na mambo mengine. Byrne mwenyewe hakuona kitu cha kumkosesha usingizi.

Lakini kule Loughrea, magharibi, askofu wa Clonfert alikuwa anatazama. Swali langu la kwanza siku zote ni hili: baba askofu alikuwa anafanya nini mbele ya Late Late usiku ule na Jumapili ana ibada? Alikuwa anatazama kama kila mtu! Basi akanyanyua simu kuwapigia gazeti la Jumapili. Asubuhi habari ikawa ukurasa wa mbele, na yeye madhabahuni akahubiri dhidi ya kipindi kile, akiwataka waumini walalamike. Madiwani wa mji wake nao wakaingia na tamko. Televisheni ya taifa ikaomba radhi. Byrne akaomba radhi. Kwa gauni ambalo hakuna aliyeliona.

Mpaka hapo mnacheka, na ni halali yenu. Lakini angalieni kilichofuata mitaani. Watu waliogombana Jumatatu kazini hawakugombania gauni. Walianza kuulizana: hivi hili linamhusu askofu? Swali hilo hakuna waziri aliyeliuliza, hakuna gazeti la heshima lililoliuliza. Liliingia kwa mlango wa nyuma, limevaa nguo za mchezo. Na swali likishaulizwa mara moja jikoni, haliondoki. Mbunge mmoja, Oliver J. Flanagan, anakumbukwa kwa kulalamika kwamba Ireland haikuwa na ngono kabla ya televisheni. Watu wanamcheka hadi leo. Mimi simcheki. Alichosema kwa ujinga wake ni kweli: jambo lisilotamkwa mbele za watu, kwa dola ni kama halipo.

Tuliokulia pwani hatuhitaji kufundishwa hili. Mtu hagombani na jirani mlangoni. Anasubiri taarabu. Ubeti wake unapofika anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza polepole, anapita mbele ya meza ya mwenziwe, na mtaa mzima unajua nani kapigwa kijembe. Hakuna mahakama itakayomshitaki mtu kwa kutunza. Late Late ilikuwa taarabu yao.

Machi 1971 wanawake wakaingia studio ile kudai haki zao, mjadala ukawaka, mwanasiasa Garret FitzGerald alikuwa nyumbani akitazama, akatoka mbio kwenda studio kujibu. Mbunge anaukimbilia ukumbi wa burudani ili asikike! Mei mwaka huohuo wanawake hao wakapanda treni hadi Belfast, upande wa Uingereza ambako havikukatazwa, wakarudi Dublin na vidhibiti mimba mikononi mbele ya maofisa wa forodha, kamera zikiwapo. Ya 2015 na 2018, kura za ndoa za jinsia moja na utoaji mimba, mnazijua, sizirudii. Una maoni yako, ninayo yangu. Ninachosema ni kwamba barabara iliyofika huko ilianzia kwenye gauni lile.

Kaka pale nyuma ananitazama kama anayetaka kusema: mwalimu, hii si ya Ireland peke yake, hata Marekani mtu wa televisheni kawa rais. Sikatai, lakini unachanganya mambo mawili. Huko mtu maarufu anageuka mwanasiasa. Hapa mtu maarufu akijaribu anavunjika. Tazama uchaguzi wa rais wa 2025. Conor McGregor, mpiganaji mwenye jina dunia nzima, Machi 17 amesimama Ikulu ya Marekani, amerudi nyumbani anataka urais. Sheria inataka uungwe mkono na wabunge na maseneta 20, au mabaraza manne ya serikali za mitaa kati ya 31. Hakupata hata baraza moja. Mwanamuziki Bob Geldof alilitaja wazo hilo, likaishia hapohapo. Jim Gavin, kocha aliyeipa Dublin makombe sita ya Ireland nzima ya mpira wa Kigaeli, alipewa tiketi ya Fianna Fáil, akajitoa katikati ya kampeni kwa habari ya kodi ya nyumba ambayo mpangaji wake wa zamani alikuwa akidai arudishiwe. Jina lilishachapishwa kwenye karatasi, na bado asilimia 7 hivi ya watu wakamchagua.

Aliyeshinda ni Catherine Connolly, mwanasheria wa Galway, kwa asilimia 63. Na kitu gani kilimfikisha kwa vijana? Video fupi akipiga danadana na watoto. Mwanamke wa zaidi ya miaka sitini, mpira haudondoki. Kwa hiyo ukiniuliza, burudani hapa haikupi cheo. Inakupa mahali pa kutazamwa vizuri, halafu watu wanaamua. Nisifiche pia kwamba zaidi ya kura 213,000 ziliharibika, nyingi kwa makusudi, na huo nao ni ujumbe. Wenye hasira ile wana mazungumzo yao kwenye simu ambayo Late Late haiyafikii, na nadharia yangu inachechemea hapo. Nakubali.

Sasa, kwa nini siasa ikimbilie kwenye burudani? Kwa sababu taarifa ya habari ilifungwa mdomo, kwa sheria, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kuna mtu wa Lubumbashi humu? Karibu sana, mama. Basi hii inakuhusu. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa ulimpeleka Katanga Mwairishi mmoja, Conor Cruise O'Brien, kuongoza kazi yake Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Wanajeshi wa Ireland walikuwa huko pia. Tisa waliuawa na wapiganaji wa Kiluba kule Niemba, Novemba 1960, na mwaka uliofuata kikosi kizima kikazingirwa Jadotville, yaani Likasi. Hadi leo utamsikia mzee wa hapa akimwita mtoto mtukutu baluba. Ukimuuliza Waluba ni nani, hajui. Neno limebaki, watu wenyewe wamepotea.

Nimetoka njiani, narudi. O'Brien huyuhuyu, msomi, mwandishi, aliporudi akawa waziri wa posta na simu, 1973 hadi 1977. Mikononi akakuta kifungu cha 31 cha sheria ya utangazaji. Kilikuwa kimeshatumika: 1971 serikali ilipiga marufuku sauti za makundi yenye silaha ya vita vya Ireland ya Kaskazini, na 1972 ikafukuza bodi nzima ya RTÉ, shirika la utangazaji la taifa, kwa sababu mwandishi Kevin O'Kelly alisimulia redioni mahojiano yake na kiongozi wa IRA, mojawapo ya makundi hayo. O'Kelly akahukumiwa jela. O'Brien hakukilegeza kifungu, alikikaza 1976, na chini yake hata chama cha Sinn Féin, kilichohusishwa na IRA lakini chama halali chenye madiwani waliochaguliwa, kikawa hakiruhusiwi kutoa sauti.

Waingereza waliiga 1988, ila kwao unaweza kuonyesha mdomo wa Gerry Adams, kiongozi wa Sinn Féin, ukicheza huku sauti ikiwa ya mwigizaji. Stephen Rea, mwigizaji wa Belfast, alikuwa mmoja wa waliomtolea sauti. Fikirieni: habari za saa tatu, vita vinaendelea, na siasa inasemwa na mtu wa tamthilia! Nikisema burudani na siasa ni kitu kimoja, mnadhani natania?

Dublin walikuwa wakali kuliko London. Mwaka 1990 wafanyakazi wa kiwanda cha keki Finglas waligoma. Msemaji wao, Larry O'Toole, alikuwa mwanachama wa Sinn Féin, basi RTÉ ikakataa kurusha maneno yake. Kuhusu keki! Alikwenda mahakamani, na 1993 Mahakama ya Juu ikasema RTÉ ilikosea. Januari 1994 waziri wa utamaduni, mshairi Michael D. Higgins, akaiacha amri ya kifungu cha 31 ife bila kuihuisha. Huyo ndiye aliyekuja kuwa rais kwa miaka kumi na minne. Ukitaka kujua wanachomkumbukia wengine ni mbwa wake. Mimi namkumbukia amri ile.

Dakika ngapi? Kumi? Tano. Haya.

Kandambili. Juni 2023 RTÉ ilikiri kwamba malipo ya Ryan Tubridy, aliyekuwa ametoka tu kuiacha Late Late, yalikuwa yametajwa kwa umma pungufu kwa euro 345,000, tangu 2017 hadi 2022. Mkurugenzi mkuu akaondoka. Kamati za bunge zikawaita watu, vikao vikarushwa moja kwa moja, na ndipo akaunti ya pembeni ilipofunguliwa: karibu euro 5,000 zilinunua kandambili jozi 200 za sherehe. Kandambili! Nchi ina shida ya nyumba, vijana wanalala kwa wazazi hadi miaka thelathini na kitu, mawaziri wanahojiwa kila siku na hakuna anayekumbuka jibu, lakini kandambili kila mtu anazijua. Kwa sababu kila nyumba yenye televisheni inadaiwa leseni ya euro 160 kwa mwaka, na wengi wakaacha kulipa. Ule ulikuwa mgomo wa kodi bila maandamano, na ulianzia kwenye kipindi cha burudani. Kulikuwa na jambo hapa kuhusu muswada wa fedha za RTÉ, nauruka.

Nilitaka kusema juu ya lugha ya Kiairishi, kituo cha TG4 na kundi la Belfast linalorap kwa lugha hiyo, ambalo mmoja wao alifikishwa mahakamani London. Nauruka pia, kwa uchungu. Nimalizie Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya. Ireland imeshinda mara saba, na Sweden peke yake ndiyo inayolingana nayo. Huku ni mashindano ya sherehe kubwa, watoto wanaachwa wakeshe. Desemba 2025 RTÉ ikatangaza haitashiriki ya 2026 wala haitayarusha, kwa sababu Israel ipo. Serikali ilikuwa imeitambua Palestina tangu Mei 2024, na siku ile sikumwona mtu yeyote kwenye basi akiizungumza. Ya Eurovision niliisikia kwa kinyozi, kwa muuza samaki na kwa jirani yangu wa miaka themanini, ambaye alikuwa upande wa wimbo.

Naam, Bi Mwenyekiti, nimekuona. Ijumaa usiku, saa tatu na nusu ikikaribia, nitakuwa kwenye kiti changu na chai ya tangawizi. Kipindi sasa anakiongoza Patrick Kielty, mchekeshaji kutoka County Down, ambaye baba yake aliuawa na watu wenye silaha mwaka 1988. Mtazameni anavyomuuliza mwanasiasa swali huku anatabasamu, halafu subirini anyamaze.

Maswali. Wewe mwenye koti jekundu, ila kama ni la gauni, mke hakujulikana alivaa nini.