Devwari yenye mutoto anaweza fanya peke yake

Bazazi, balimu, jambo kwenu bote hapa Bukavu. Nitasema mbio kidogo juu mvua inakuya na benye balitoka Panzi na Bagira bako na njia mrefu.

Batu banauliza kama devwari, ile kazi ya masomo yenye mutoto anafanyia ku nyumba, inasaidia ao inachokesha batoto bure. Inasaidia, lakini ile yenye mutoto anaweza fanya peke yake hata kama mama haiko, hata kama mama hajue Kifaransa. Babeleji, benye balituletea haya masomo ya kaye (daftari) na pointi, kwabo mu upande wa Kifaransa baliweka sheria tangu 2001: mwaka wa kwanza na wa pili primeri hakuna devwari, wa tatu na wa ine dakika 20 kwa siku, wa tano na wa sita 30, ifanywe bila musaada wa mutu mukubwa, na isihesabiwe pointi. Siye tulibakia na ile ya zamani.

Sasa angalia mutoto wa Kadutu. Anatoka ku masomo, anateka maji, anachunga mudogo wake, anasaidia mama kuuzisha makala ya kupikia, SNEL, kampuni ya umeme, imekata moto, anafungua kaye usiku na tochi ya simu, hesabu iko mu Kifaransa na mama anasema luga ya Mashi. Asubui anapewa sifuri, na mwenzake mwenye repetitere, mwalimu wa kulipwa ku nyumba, alimufanyia yote anapata kumi juu ya kumi! Ile sifuri inapima nyumba yao tu, na miye inaniuma kabisa.

Najua tangu primeri ikuwe ya bure mu Congo mu 2019 madarasa imejaa, mwalimu hawezi sahihisha kaye zote. Basi toa hesabu tatu, sahihisha ku tablo, kisha okota kaye za benye bako nyuma peke yabo. Mutoto akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, ukimuongezea hesabu kumi atakosa mara kumi na kosa itamuingia muzuri. Umuite, umuulize: ulikuwa na nusu ya mukate, bakakuongezea kipande, sasa umebakia na 2/5, yenye iko chini ya nusu, mukate ilipunguka namna gani? Atacheka, na pale njo anaanza kuelewa.

Bazazi, siombe mufundishe. Mumuachie nusu saa mbele ya kwenda kuteka maji, kungali mwangaza, akueleze mu Swahili ao Mashi kenye alisoma. Balimu ba tano na ba sita, mubakie kidogo, tuchague batoto ba kuanza nabo siku ya kwanza.