Barabara Zilizoachwa na Magari: Baiskeli ya Lami Milimani

IDDI: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Iddi, na kama kawaida niko na dada yangu Neema. Leo tunapanda milima. Tunazungumzia barabara za lami za vijijini, kule juu, ambako unaweza kukanyaga pedali saa nzima na magari yaliyokupita ukayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

NEEMA: Asante kaka Iddi, na karibuni nyote. Niseme mapema: barabara tulivu haipatikani kwa bahati, inatafutwa. Wengi wetu tunafungua ramani, tunaona kistari chembamba, tunasema hiki chembamba basi hakina magari. Mara nyingi sivyo. Kistari hicho kinaweza kuwa njia ya mkato kati ya miji miwili, na kila dereva wa eneo lile anaijua. Mimi nikiangalia barabara najiuliza swali moja tu: nani ana sababu ya kupita hapa?

IDDI: Hebu lifungue hilo kwa mfano.

NEEMA: Chukua Gotthard, Uswisi. Ni kipito cha zamani sana cha kuvuka milima ya Alps, kiko mita 2,106 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 1980 likafunguliwa handaki la magari chini ya mlima ule, urefu wake karibu kilomita 17. Malori na wenye haraka zao wakahamia humo. Juu zikabaki barabara mbili. Moja ni pana, ya kisasa. Nyingine ni ile ya zamani, Tremola, inayopanda kutoka kijiji cha Airolo, chini upande wa kusini, kwa kona zilizorundikana moja juu ya nyingine, na sehemu kubwa yake imetandikwa mawe ya granite. Sasa fikiria: mwenye haraka yuko handakini. Asiye na haraka lakini ana gari anachukua ile pana. Anayebaki kwenye Tremola ni yule aliyeitaka Tremola yenyewe.

IDDI: Kwa hiyo handaki jipya likifunguliwa, mwendesha baiskeli ashangilie.

NEEMA: Ashangilie kabisa! Ukiona kwenye ramani handaki refu, na juu yake kuna barabara inayojikunjakunja mpaka kileleni, hapo anza kuchunguza. Mabondeni ni vilevile. Barabara kuu inafuata upande mmoja wa mto, ya zamani iko ng'ambo. Ile ya zamani inaingia kila kijiji, inapanda na kushuka bila sababu ya maana kwa mtu mwenye gari, ndiyo maana magari yaliikimbia. Kwako wewe ndiyo utamu wenyewe.

IDDI: Na zile zisizotokea popote? Unapanda kilomita 12, unafika, barabara imekwisha.

NEEMA: Hizo nazipenda kuliko zote, na nasikitika watu wanaziruka kwa sababu hawataki kurudi njia ileile. Barabara nyingi za juu zilijengwa kwa kazi maalum: kupeleka saruji na mitambo kwenye bwawa la umeme, au kushusha magogo. Ujenzi wa bwawa ukiisha, lami inabaki, na wa kuitumia ni wachache. Hata zile zinazotokea upande wa pili zina historia hiyohiyo. Kule Vercors, Ufaransa, barabara ya Combe Laval ilichongwa kwenye ubavu wa jabali mwishoni mwa karne ya 19 ili mbao ziteremke kutoka msituni. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine genge. Nenda siku ya kazi, asubuhi.

IDDI: Siku ya kazi umeigusia, nami nataka tuishike hapo. Kuna vipito maarufu ambavyo kila mtu anavitaja, Stelvio ya Italia kwa mfano, mita 2,757, kona 48 ukipandia kijiji cha Prato, na kila kona ina namba yake. Pazuri mno. Ila Jumamosi ya majira ya joto utapanda ukiwa umezungukwa na pikipiki kuanzia chini hadi juu.

NEEMA: Stelvio siipendekezi kwa anayetafuta utulivu, labda ile siku maalum ya mwaka wanapoifunga kwa magari na kuwaachia baiskeli. Umaarufu nao ni sababu ya kupita. Mara nyingi bonde la pili kuna kipito kisicho na jina kubwa, mwinuko ni ule ule, mandhari ni yale yale.

IDDI: Mimi hutumia zile ramani za programu zinazoonyesha wapi waendesha baiskeli wengi wamepita. Mstari ukiwaka sana, najua pana lami nzuri.

NEEMA: Zitumie, lakini zisome vizuri, kaka. Zinakuonyesha walikopita watu, hazikuambii kama walifurahi. Wengi wanapita barabara kuu kwa sababu ndiyo wanayoijua. Mimi ninachoangalia ni picha za barabara zenyewe. Mstari mweupe wa katikati, upo au haupo? Barabara nyembamba isiyo na mstari wa katikati kwa kawaida haikujengewa magari mengi wala mwendo mkubwa. Tena angalia kingo: nyasi zikiwa zimeanza kula lami pembeni, hapo magurudumu hayapishani mara kwa mara.

IDDI: Hilo la nyasi nitalichukua. Sasa mwinuko. Wapanga safari wengi wanadanganywa na wastani. Unasoma kilomita 10, wastani asilimia 6, yaani mita 6 juu kwa kila mita 100 za njia, unaona inawezekana. Kumbe katikati kuna kilomita mbili tambarare, hata kushuka kidogo, halafu sehemu iliyobaki inafika asilimia 11 au 12. Wastani wako ni kweli, na miguu yako imekwisha. Ufaransa wamelitatua hili vizuri: kwenye milima mingi kuna kibao kila kilomita, kinachokuambia umebakiza umbali gani, uko mita ngapi juu, na kilomita inayofuata ina mwinuko wa wastani wa asilimia ngapi. Kama hakuna vibao, soma kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja. Zikikaribiana pale barabara inapozikata, jiandae.

NEEMA: Na barabara tulivu ndizo zenye miinuko mikali zaidi.

IDDI: Ndiyo, kwa sababu barabara kuu zilipimwa ili lori liweze kupanda. Za vijijini zilifuata njia za watu na mifugo, moja kwa moja juu. Hapo ndipo gia zinapoamua. Tuseme wewe, baiskeli na mizigo mna kilo 80. Kupanda asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa kunahitaji karibu wati 190, na si kwa dakika moja, ni kwa saa nzima. Wengi wetu hatuna nguvu hiyo baada ya milima miwili. Kwa hiyo weka gia nyepesi. Meno 34 kwenye gia ya mbele na 34 kwenye ya nyuma, pedali ikizunguka mara moja na gurudumu linazunguka mara moja, kama mita mbili na kidogo. Ukizungusha mara 70 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 9 kwa saa. Polepole, ndiyo, lakini bado umekaa kwenye kiti na unapumua.

NEEMA: Na kwenye kona za kujigeuza, ndani ya kona ndiko mwinuko ulikobana. Ukiwa na uhakika hakuna kinachokuja, panda kwa upande wa nje. Utasafiri mita chache zaidi lakini utapata pumzi kidogo. Kama huoni mbele, baki upande wako, kona isikutamanishe.

IDDI: Kushuka je? Huko ndiko ninakowaona watu wakiwa na hofu.

NEEMA: Kushuka kwenye barabara tulivu kuna hatari zake, kwa sababu hakuna magari mengi ambayo magurudumu yake yangefagia lami. Changarawe zinakusanyika kwenye kona. Kuna ng'ombe, kuna kinyesi chao, kuna majani yaliyoloa chini ya miti ambako jua halifiki. Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado wima. Ukishaanza kuinama, achia breki, pedali ya upande wa nje iwe chini na uikanyage kwa uzito wako, macho yatazame pale unapotaka kutokea. Na usishike breki mfululizo kutoka juu hadi chini. Bana kwa nguvu, achia, ipate upepo ipoe, bana tena. Kwa breki za kubana rimu ni muhimu zaidi, maana rimu ikipata moto sana tyubu inaweza kupasuka.

IDDI: Na koti, jamani.

NEEMA: Koti kabla ya kuanza kushuka! Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kwa takriban nyuzi 6 na nusu. Umefika juu umeloa jasho, unaanza kushuka kwa kilomita 50 kwa saa, vidole vinakufa ganzi, na hivyo vidole ndivyo vinavyoshika breki. Halafu mvua za radi milimani wakati wa joto hupenda kuja mchana kwenda jioni. Ondoka alfajiri, vuka kipito kabla ya saa sita mchana.

IDDI: Vifaa kwa haraka: tairi za milimita 28 hadi 32, maana lami za vijijini zina viraka. Tyubu mbili, pampu, na kifaa cha kuunga mnyororo. Taa mbele na nyuma hata mchana, kwa ajili ya mahandaki mafupi yasiyo na taa.

NEEMA: Na ramani iwe imehifadhiwa kwenye simu, isitegemee mtandao, kwa sababu bondeni hupati kitu. Mimi huandika pia kwenye karatasi majina ya vijiji kwa mpangilio wake, na penye maji napawekea alama. Betri ikiisha, mtu yeyote shambani atakuelekeza ukimtajia kijiji kinachofuata. Namba ya barabara anaweza asiijue.

IDDI: Basi wasikilizaji, chagueni kipito kimoja, tafuteni handaki lililo chini yake na mwaka lilipofunguliwa, halafu mtuandikie mmegundua nini. Kipindi kijacho tutapanga njia ya siku tatu kutokana na majibu yenu. Dada Neema, asante.

NEEMA: Asanteni sana. Msisahau koti.